Kigoma bila kiingilio: tuna wikiendi moja na hela ya kubana, tuone nini?

KijanaWaCheyo (Tabora)

Wakuu, salaam. Mimi na rafiki yangu tunapanga kupanda treni kuja Kigoma. Tunafika Ijumaa, tunageuza Jumatatu. Pa kulala tumepata kwa binamu yangu Mwanga, hapo hapo mjini Kigoma. Baada ya nauli tutabaki na kama elfu hamsini ya watu wawili, na humo humo ndimo tutakula.

Kila ninayemuuliza ananijibu Hifadhi ya Gombe, sokwe, hoteli za ufukweni. Hela ya hayo sina. Nataka kuliona Ziwa Tanganyika ambalo nimelisoma tangu shule ya msingi, niogelee, na napenda sana historia. Hapa kwetu nimeshakwenda Kwihara kwa baiskeli kuona tembe la Livingstone. Je, Kigoma kuna vya kuona bila kulipia? Na kutembea na kupiga picha hakuna shida?

---

BintiUjiji

Karibuni sana mwisho wa reli, mdogo wangu. Nimezaliwa Ujiji, marehemu mzee wangu alikuwa fundi boti pale ufukweni, kwa hiyo swali lako limenigusa na nitakujibu kwa urefu. Hela yako inatosha. Kitu cha kupanga vizuri ni saa, maana ziwa lina saa zake.

Sisi tuko magharibi kabisa lakini tunatumia saa ile ile ya Dar. Jua letu linachomoza na kuzama zaidi ya nusu saa baada ya lile la Dar. Saa kumi na mbili asubuhi bado kuna kiza, na jioni linazama karibu na saa moja. Kwa hiyo jioni mna muda mrefu, ila asubuhi msitoke nyumbani mkidhani kumekucha.

Mkishuka kwenye treni msikimbilie bodaboda. Geukeni mlitazame jengo la stesheni. Wajerumani walianza kujenga reli hii Dar mwaka 1905, ikafika kwenu Tabora mwaka 1912 na hapa mwaka 1914, kiasi cha kilomita 1,250. Watu wanapita hapo na mabegi kichwani bila kuinua macho, na jengo zuri kama lile mikoa mingi haina. Kutoka hapo Barabara ya Lumumba inapanda moja kwa moja kwenda Mwanga. Kama mizigo ni myepesi, pandeni kwa miguu, halafu kila mkichoka mgeuke nyuma muangalie ziwa.

Bandari iko jirani na stesheni na ndiyo nyumbani kwa meli kongwe, MV Liemba. Ndani huingii bila ruhusa, lakini kwa mtu wa historia kule kujua tu kwamba maji yale ndiyo yake kunatosha kukusimamisha. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha, ikaja kwa meli hadi Dar na kwa treni hadi hapa. Ikaunganishwa upya na kuingizwa majini Februari 1915. Julai 1916, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji walipokaribia, Wajerumani wenyewe wakaizamisha karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Injini zake Wajerumani walikuwa wamezipaka grisi nzito kabla ya kuizamisha, ndiyo maana zilipona.

Jumamosi alfajiri nendeni Kibirizi, ufukwe wa wavuvi. Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa hiyo nivumilie. Wavuvi wa dagaa wanakesha ziwani na taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi taa za betri na sola. Dagaa wanaifuata ile nuru, wavu unapandishwa kutoka chini. Kukipambazuka mitumbwi inarudi, na hapo ufukwe mzima unaamka kwa mara moja: wachukuzi wanaingia majini hadi kifuani, kina mama wanasubiri na beseni, bei inapigwa papo hapo na samaki bado wanang'aa. Baada ya hapo wanaanikwa. Angalia vizuri tofauti ya wale wa kwenye mchanga na wale wa kwenye vichanja. Wa kichanja wanapata hewa juu na chini, wanakauka wakiwa wamenyooka, weupe, na ukitafuna husikii mchanga. Mama anayeanika kichanjani amegharamia mbao na wavu, na bei yake inakuwa juu kidogo. Nunueni kwake hata kopo moja mpeleke Tabora. Mtakuwa mmesimama kwenye eneo lake la kazi asubuhi nzima, na yeye ndiye atakayewaeleza mengi kuliko kitabu.

Mchana pumzikeni, jua ni kali. Saa tisa hivi pandeni daladala za Ujiji. Pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone kuna kiingilio, si kikubwa kwa Mtanzania, na kwa kuwa umeshafika Kwihara mimi ningekushauri ulipe. Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta Livingstone, aliandika kwamba walikutana pale tarehe 10 Novemba 1871. Lakini ukiwa pale wakumbuke na wengine. Susi, mtumishi wa Livingstone, ndiye aliyetoka mbio kumlaki Stanley. Sidi Mubarak Bombay alikuwa kwenye msafara ule, na Ujiji alishafika mwaka 1858 pamoja na wapelelezi wa Kiingereza, Burton na Speke. Livingstone alipofariki Mei 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Susi na mtumishi mwenzake Chuma na wenzao ndio waliobeba mwili wake hadi Bagamoyo, na Oktoba mwaka ule walipita hapo kwenu Kwihara. Kwa hiyo wewe umeshaanza hadithi hii, huku unakuja kuona upande wake wa pili. Inaniuma kuona watoto wetu wanamjua Stanley na hawamjui Susi.

Kutoka pale teremkeni kwa miguu hadi ziwani. Njiani mtapita miembe mikubwa ambayo wazee wetu husema ilipandwa enzi za misafara. Chini ufukweni ndiko kwa mafundi boti, na hapo hakuna kiingilio. Mtaona boti kubwa ikiwa mbavu tupu, nyingine imeshavikwa mbao, nyingine inapigwa kalafati: fundi anashindilia pamba kwenye mwanya kati ya mbao na mbao kwa patasi butu na nyundo, kidogo kidogo, na sauti ya nyundo ndiyo inayomwambia kama pamba imekaa. Mzee wangu alikuwa hazungumzi wakati wa kalafati. Subirini fundi apumzike ndipo mumsalimie, mumwite mzee au fundi, mkae. Wakiwazoea watawaonyesha kila kitu.

Picha: msipige bandarini wala penye askari au majengo ya serikali. Ziwa, piga utakavyo. Watu, omba kwanza. Na kitambulisho cha NIDA kiwe mfukoni muda wote, huu ni mkoa wa mpakani na Uhamiaji wanaweza kukuuliza popote.

---

MvuviKatonga

Dada amesema kweli tupu, naongeza mawili tu. Moja, uliza mwezi wa angani umefikia wapi kabla hujaja Kibirizi. Kwenye mbalamwezi dagaa hawafuati taa, wengi tunashinda nchi kavu tunashona nyavu. Mkija mwezi ukiwa mpevu mtakuta ufukwe umepoa. Halafu kuna kufungwa kwa ziwa: mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti kwa makubaliano ya nchi nne zenye ziwa hili, yaani sisi, Congo, Burundi na Zambia. Kipindi kama hicho usitarajie kuona mtumbwi unashusha dagaa.

Mbili, kuogelea. Zile fukwe zilizotengenezwa kwa ajili ya wageni zina kiingilio. Ila maji ni yale yale. Njooni kwetu Katonga, kwa wavuvi, muulize wenyeji watoto wanaogea wapi, mkaogee hapo hapo. Mkae mbali na midomo ya mito na penye majani marefu, mamba wapo, na konokono wa kichocho wanapenda maji yaliyotulia yenye majani. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, hakuna lenye kina zaidi duniani isipokuwa Baikal la Urusi. Hatua chache tu chini panaondoka. Kama hujui kuogelea ishia kiunoni, bwana mdogo, nasema hivi kwa sababu tumeshawaopoa wageni.

Mkiwa na miwani ya kuogelea njooni nayo. Penye mawe utaona samaki wadogo wa rangi rangi, wengi wao hawapatikani ziwa lingine lolote.

---

Mama_Kilimahewa

Mimi sikubaliani na kusema Gombe haiwezekani kabisa. Mtanzania analipa kwa shilingi na ni kidogo sana kuliko mgeni wa nje. Kinachomaliza hela ni kukodi boti. Boti za abiria zinazokwenda vijiji vya kaskazini zinatoka hapo hapo Kibirizi na zinapita Gombe.

---

BintiUjiji

Ni kweli, mama yangu, shikamoo. Shida ni kwamba boti hizo zinakwenda mchana na kurudi asubuhi, kwa hiyo lazima walale huko, na kulala ni hela nyingine. Kwa elfu hamsini ya watu wawili wataishia na njaa. Mimi ningewaambia waiache safari hii, waje tena wakiwa wamejipanga. Mahali alipowachunguza sokwe Jane Goodall tangu mwaka 1960 hapafai kwenda kwa haraka haraka.

---

Kiungo_Manyovu

Kijana, wewe wa historia, siku ukipata muda zaidi vuka Burundi. Nchi ndogo, na mambo mengi ya kuona yako kando ya barabara. Unapanda gari hadi Manyovu mpakani, unavuka kuingia Mugina upande wa Burundi, unashuka Nyanza-Lac, halafu barabara inafuata ziwa na michikichi kupitia Rumonge hadi Bujumbura. Kabla hujaingia mjini, sehemu inaitwa Mugere, kuna jiwe kubwa limechongwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Kule wapo watakaokuambia ndipo walipokutana. Tarehe yenyewe inawajibu: walikuwa wameshakutana Ujiji, kisha wakapanda mtumbwi kwenda kuangalia kaskazini ya ziwa, wakalala hapo. Walikuwa wanatafuta kama mto Rusizi unatoka ziwani au unaingia. Wakakuta unaingia, na hoja ya kwamba ziwa letu linalisha Nile kupitia huko ikaishia hapo. Jiwe lenyewe liko juu, na ziwa lote unaliona. Shughulikia hati ya kusafiria Uhamiaji kabla, usije ukakwama mpakani.

---

KijanaWaCheyo

Dada, wakuu, asanteni sana, sikutegemea majibu ya namna hii. Habari ya Susi na Chuma kupita Kwihara nimemsomea rafiki yangu kwa sauti, na sasa ndiye anayenisukuma tukate tiketi. Tunakuja Septemba. Maswali mawili ya mwisho: milima ya Congo tutaiona? Na kutoka Mwanga hadi Kibirizi alfajiri tutaendaje, daladala zinakuwa zimeshaanza?

---

BintiUjiji

Septemba kuna vumbi na moshi wa mashamba, ng'ambo inajificha. Milima inaonekana vizuri mvua zikishaanza, hasa mvua ikishanyesha na mbingu ikafunguka. Jioni nendeni barabara ya Katonga hata hivyo, jua likizama kwenye ule ukungu linakuwa jekundu na mnaweza kulitazama moja kwa moja.

Kibirizi alfajiri msitegemee daladala. Binamu yako awatafutie bodaboda anayemfahamu, mpatane bei usiku uleule. Kurudi mtarudi kwa miguu, kumeshakucha na njia ina watu. Chai msinywe nyumbani, pale Kibirizi mtapata chapati na samaki wa ziwani, migebuka, ya kukaanga.

---

MvuviKatonga

Na angalieni kalenda ya mwezi kabla ya kukata tiketi. Wikiendi ya mwezi mwandamo ndiyo yenu.