Naomba ushauri: mistari ya mihimili haikutani kwenye kona ya grafu ya R

Ndugu wanajamvi, habari zenu.

Ninachora grafu ya vitone katika R (lugha ya programu ya takwimu) kwa amri ya plot, na ninataka ibaki na mstari wa kushoto na wa chini tu, bila ile fremu inayozunguka pande zote nne. Nilianza kwa kuweka axes = FALSE, kisha nikaurudisha kila mhimili kwa amri ya axis. Fremu iliondoka, lakini mistari ikaachana kwenye kona, kwa sababu axis huchora mstari kutoka alama ya kwanza ya kipimo hadi ya mwisho tu, ilhali R huongeza nafasi ya asilimia 4 kila upande wa data.

Nikaweka xaxs = "i" na yaxs = "i" ili kuiondoa nafasi hiyo. Kwa kuwa data yangu inaanzia sifuri, mistari ilikutana vizuri, ila vitone vya pembezoni vikakatwa na kubaki kama mwezi mchanga. Nikitumia bty = "l" ninapata umbo ninalolitaka, lakini nikinenepesha mstari kwa amri ya box (inayochora fremu) na lwd = 2, alama za vipimo zinabaki nyembamba.

Je, nitumie xpd = TRUE ili vitone visikatwe, au nibaki na box na kuipa axis lwd.ticks = 2 ili alama za vipimo nazo zinenepe? Ninafahamu kwamba ggplot2, kifurushi kingine cha kuchorea grafu katika R, kina theme_classic, mtindo wenye mstari wa kushoto na wa chini tu, lakini michoro mingine ya ripoti hii nimeshaichora kwa plot, na nisingependa kuirudia yote.