Kikundi cha ukoo, Nyegezi: safari ya Geita

*Kabula, 06:12*
Shikamooni wakubwa. Jumamosi iko palepale. Saa 12 asubuhi tunatoka Nyegezi, tunapita Usagara, Kigongo, Busisi, Sengerema hadi Geita mjini. Hadi hapo ni lami. Baada ya hapo tunaingia barabara za ndani, Nyarugusu na Rwamagasa. Watu 11, magari mawili. Mchango elfu 30. Nani anakuja?

*Kabula, 09:40*
Mmesoma 14. Aliyejibu hakuna.

*Doto, 10:05*
Kivuko cha kwanza saa ngapi?

*Kabula, 10:06*
Doto! Daraja limefunguliwa tangu Juni 2025. Kilomita 3, dakika chache uko Busisi.

*Doto, 10:07*
Mazoea 😂 Sasa samaki wa kungojea kivuko tutawala wapi?

*Neema, 10:07*
Hilo ndilo swali 😂😂

*Kabula, 10:09*
Jamani, majina kwanza.

*Baraka (Dar), 11:30*
Mimi nipo, nafika Ijumaa. Ile sarafu ya dhahabu ya Wajerumani yenye tembo, dhahabu yake ilitoka Geita?

*Ba'mdogo Kulwa, 12:48*
Hapana mwanangu, ilitoka Sekenke, Iramba. Ni rupia 15, ilipigwa Tabora 1916 kwenye karakana ya reli, maana Waingereza walikuwa wamefunga bahari na fedha haziingii. Geita ilichimbwa sana kuanzia enzi za Mwingereza, mgodi wa chini kwa chini, 1936 hadi 1966. Bei ya dunia ilipanda kutoka dola 20.67 kwa aunsi hadi 35 mwaka 1934, ndiyo maana watu walimiminika miaka ile: hata mwamba mchovu ulilipa. Halafu ile 35 ikaganda zaidi ya miaka 30 huku gharama zinapanda. Mgodi mkubwa wa shimo la wazi wa sasa ulianza 2000. Huo tutautazama kwa mbali.

*Baraka (Dar), 12:50*
Asante Ba'mdogo 🙏

*Ba'mdogo Kulwa, 12:55*
Sasa gari. Mvua ikinyesha Ijumaa, udongo wa mbuga kule mabondeni unajaa kwenye kashata za tairi, tairi linakuwa laini kama chupa. Ingiza fowili kabla ya tope, siyo ukishakwama. Gia ya pili, mwendo mmoja, usisimame katikati, usikanyage mafuta kwa hasira. Punguza upepo kutoka paundi 35 hadi 22, kwa hiyo pampu ije, maana ukirudi lamini na 22 tairi linachemka. Na kipande cha ubao cha kuweka chini ya jeki. Bila ubao jeki inazama, gari linabaki vilevile.

*Kabula, 12:57*
Wabeja Ba'mdogo. Dizeli lita 50 kila gari zinatosha?

*Mama Neema, 14:20*
Kabla ya lita 50, hesabu ya safari ya Bujora iko wapi? Nilitoa elfu 40 nikarudi na daladala.

*Kabula, 14:22*
Mama, lile tulishalizungumza.

*Mama Neema, 14:23*
Mlizungumza nyie.

*Doto, 14:31*
Nifafanue ya mwaloni, wengi hawajaona. Jiwe linavunjwa kwa nyundo, linasagwa kwenye karasha hadi unga. Unga unaoshwa kwa maji kwenye ubao ulioinama, umetandikwa magunia. Dhahabu nzito inanasa, mchanga unapita. Magunia yanakung'utwa kwenye karai, inatiwa zebaki, zinashikana, wanakamua kwa kitambaa, kinachobaki kinachomwa.

*Shangazi Pili, 14:33*
Mwaloni? Basi nije na ndoo ya dagaa 😂

*Mama Neema, 14:33*
Na mimi sangara 😂

*Doto, 14:36*
Shangazi, huu ni mwalo wa kuoshea dhahabu! Nisikilizeni hapa: mvuke wa zebaki hauonekani wala haunuki. Anapochoma mtu, simameni upande upepo unakotoka, mbali. Watoto wasisogee. Neema na hali yake asifike kabisa. Na mtu akikuuzia punje pembeni, usinunue. Bila leseni ni kosa. Biashara halali iko soko la madini Geita mjini, tangu 2019.

*Neema, 14:40*
Nitakaa kwenye gari.

*Kabula, 14:41*
Gari halikai karibu na wachomaji pia. Utabaki Geita mjini.

*Baraka (Dar), 15:02*
Maduara ya zamani, yale mashimo ya wachimbaji, tunaweza kuchungulia? Napiga picha tu.

*Babu, 18:15*
Nimesomewa yote. Kwenye mdomo wa duara hasimami mtu wa nyumba hii. Juu pagumu, chini matimba, yale magogo ya kushikilia shimo, yameoza. Mmoja tuliyempoteza anatosha. Mkifika Rwamagasa, kwanza mpite kwa mama yake mmsalimie. Ndipo mtembee.

*Ba'mdogo Kulwa, 18:40*
Tumesikia Baba.

*Kabula, 18:41*
Tumesikia Babu. Shikamoo.

*Baraka (Dar), 18:52*
Samahani Babu.

*Shangazi Pili, 20:10*
Mama yake yuko Katoro siku hizi, kwa binti yake.

*Kabula, 20:12*
Basi tuanzie Katoro, Nyarugusu tuiache? Jioni itatukuta njiani. Ba'mdogo, unasemaje? Na gari la pili ni la nani? Waliolipa ni wanne.

*Ba'mdogo Kulwa, 21:55*
Gari nitakujibu kesho, spea ina tobo. Za kwa mama tutoe kando, zisichanganywe na mafuta.

*Mama Neema, 22:03*
Za kwa mama natoa sasa hivi. Za mafuta bado.