Je, dodoso la mzazi na mwalimu linatosha kusema mtoto ana ADHD, yaani tatizo la kukosa umakini na kutotulia?

Wadau, mimi nasema halitoshi, na linaaminiwa kupita kiasi.

Chukueni dodoso la Vanderbilt linalotumika sana Marekani. Mzazi hujaza lake, mwalimu lake. Kila dalili ina majibu manne, kuanzia "kamwe" hadi "mara nyingi sana". Mawili ya juu ndiyo yanayohesabiwa: dalili 6 kati ya 9 za kukosa umakini zikifika hapo, na masomo yakiwa yanayumba, mtoto keshaingia kwenye kundi la wanaodhaniwa kuwa na ADHD.

Sasa someni kipengele cha kuonekana hasikii anaposemeshwa. Mtoto anayetoka usaha masikioni atawekewa "mara nyingi sana", na mwalimu atakuwa hajasema uongo. Asiyelala usiku kwa sababu ya mafindofindo naye atapoteza kalamu na kusahau daftari vilevile.

Tena mwalimu humpima mtoto kwa kumlinganisha na wenzake darasani. Mwaka 2018 zilichapishwa takwimu za majimbo ya Marekani ambako anayeanza shule lazima awe ametimiza miaka 5 kufikia Septemba 1. Waliozaliwa Agosti, yaani wadogo kuliko wote darasani, walioambiwa wana ADHD ni 85 katika kila 10,000. Wa Septemba, walio wakubwa kuliko wote, ni 64. Ugonjwa gani huo unaofuata kalenda ya shule?

Mwalimu wa darasa la pili:
Ndugu, nakupinga. Daktari anakaa na mtoto dakika chache, tena kwenye chumba kigeni, mtoto katulia kama maji ya mtungini. Mimi namwona tangu asubuhi hadi kengele ya mwisho. Bila dodoso, watakaopelekwa hospitali ni wavulana wanaopanda madawati tu. Binti aliyekaa kimya nyuma, anayenakili nusu ya ubao akaishia hapo, nani atamtaja? Dodoso linanilazimisha nimtazame na yeye.

Mwanzisha mada:
Mwalimu, kwa huyo binti sina la kubisha, ndiyo maana sisemi litupwe. Ninachotaka ni masikio yapimwe kabla alama hazijajumlishwa, na mwezi wa kuzaliwa uandikwe juu kabisa ya karatasi unayojaza. Mzazi na mwalimu wakipishana, na hupishana sana, daktari aulize nyumbani kukoje na darasani kukoje. Wazazi mliopitia hili, kuna aliyepimiwa mtoto masikio kwanza?