Tupeane uzoefu: steringi akiua ni mwamba, mwanamke akifoka tu ni kisirani?

Mleta_mada_Makole

Mbukwenyi wakuu. Hii mada nimeitoa kwenye ubishi wa saluni, hapa hapa Makole, Dodoma, uliofika mahali watu wakanuniana. Ilikuwa ni Breaking Bad, ile sizoni ya mwalimu wa kemia anayepika dawa za kulevya. Dada mmoja akasema katika zote alizoangalia hajapata kumchukia mtu kama Skyler, mke wa yule mwalimu. Kosa lake nini? "Ana mdomo, hamtulizi mume." Mume mwenyewe, kwa wasiomjua, anamtazama binti akipaliwa na matapishi yake hadi anakata roho na hanyooshi mkono. Baadaye anampa sumu mtoto mdogo ili mpango wake ukae sawa. Saluni nzima, wanawake watupu, walikuwa upande wake.

Wala si sisi tu. Anna Gunn, aliyeigiza Skyler, mwaka 2013 aliandika katika gazeti la New York Times jinsi chuki ya mhusika ilivyohamia kwake yeye mwenye mwili, mpaka mtu akaulizia mtandaoni atampata wapi amuue.

Ninavyoona mimi, mwanaume akiua kwenye muvi tunauliza kilimsibu nini. Mwanamke akikosea tunauliza ana tabia gani. Leteni mliyoyaona wenyewe, sebuleni, kibandani, darasani, popote. Nadharia wekeni pembeni. Matusi nafuta.

Flashi_Majengo

Mkuu, umefika penyewe. Nina laibrari ya muvi karibu na soko la Majengo, naingizia watu kwenye flashi, na jioni naendesha kibanda umiza.

Nianze na laibrari. Mteja akitaka muvi ya mwanaume muuaji haulizi kitu. Kauaje, kwa nini, analipwa na nani, hayamhusu, anataka kujua tu kama "inachapa". Nikimwonyesha ya mwanamke muuaji, swali la kwanza ni hili: "Alifanyiwa nini?" Nikisema walimuulia mume na mtoto, au alibakwa, anaichukua. Nikisema hapana, huyu ni kazi yake tu, analipwa anaua, basi flashi inarudi mfukoni. Mwanamke lazima aje na risiti ya machungu yake ndiyo aruhusiwe kushika bunduki. Mwanaume hadaiwi.

Sasa kibandani. Kuna siku mwanamke kwenye muvi anamfokea steringi mbele za watu, jamaa akamzaba kofi. Wee! Mabenchi yaligongwa, makofi, miluzi, kijana mmoja akasimama akapiga kelele irudishwe nyuma. Nikairudisha, ni wateja. Dakika kumi mbele steringi huyohuyo akaingia ghala fulani akamwaga watu kama njugu, na hakuna hata mmoja aliyeacha kutafuna karanga zake. Damu yote ile haikuwagusa. Lile kofi moja ndilo waliloliona tamu.

DJ_wa_Chang'ombe

Kaka Flashi, nusu ya hizo muvi sauti ni yangu, kwa hiyo niseme upande wetu watafsiri. Mtafsiri halipwi kwa kutafsiri, analipwa kwa kunogesha. Mwanamke akiongea dakika mbili analia na kujieleza, mimi nina sekunde chache kabla mtazamaji hajachoka. Nikisema "huyu mama ana gubu huyu!" kibanda chote kinacheka na muvi inaenda. Nikiyaacha maneno yake yalivyo, kesho naulizwa, DJ ulikuwa unaumwa?

Kwa hiyo kuna muvi ambazo watu wa Dodoma hawajawahi kumsikia mke wa steringi amesema nini hasa. Wamenisikia mimi.

Mbishi_wa_Ilazo

Ndugu zangu, mnakuza mambo. Skyler hachukiwi kwa sababu ni mwanamke. Anachukiwa kwa sababu anaiwekea hadithi breki. Kamera inalala na kuamka na mume, tunajua hofu yake, madeni yake, kikohozi chake. Mke tunakutana naye mlangoni, anauliza ulikuwa wapi. Hata ningekuwa kaka yake wa tumbo moja ningetaka anyamaze, jamaa apike tuone. Mtazamaji anampenda anayempeleka mbele. Angeandikwa mke ndiye mpishi na mume ndiye wa kuuliza maswali, tungemchukia mume.

Binti_Kongwa

Kaka Mbishi, hoja yako nzuri ila ina tundu. Hank, shemeji yao, ni askari wa dawa za kulevya. Anamwinda huyo mpishi wako sizoni kwa sizoni, hiyo ndiyo breki kuliko zote. Mbona watu wanampenda Hank?

Halafu nije kwenye Money Heist, ile ya Kihispania ya majambazi wanaojiita kwa majina ya miji, maana hosteli yetu hapa UDOM tuliiangalia kwa zamu kwenye laptopu moja. Anayesimulia ni Tokyo. Kamera iko naye, hadithi anaiendesha yeye. Kwa hoja yako tungempenda. Chumba kizima kilikuwa kinamtukana, kichaa, mharibifu, hajielewi. Kipenzi chao alikuwa Berlin. Berlin huyu anamlaza Ariadna, mateka, binti ambaye mwenyewe anasema alikubali kwa hofu ya kuuawa. Nikalisema hilo kwa sauti. Nikajibiwa, "Lakini ana swaga, halafu mgonjwa, anakufa." Mwisho wa 2023 Berlin akapewa sizoni yake peke yake.

Nairobi wanampenda, nakubali. Ila sikiliza sababu wanayotoa: mama aliyenyang'anywa mtoto. Ni ileile anayoisema kaka Flashi, lazima kwanza aumizwe.

Ticha_Bahi

Nafundisha Kiswahili sekondari. Niliwapa wanafunzi wasome Rosa Mistika ya Kezilahabi, riwaya ya 1971 ambayo iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Baba yake Rosa, Zakaria, ni mlevi, na mapema tu kwenye kitabu anampiga bintiye vibaya sana kwa sababu ya barua ya mvulana. Nikawapa insha: nani alaumiwe kwa yaliyompata Rosa?

Nanukuu daftari moja, na yalikuwepo mengi ya namna hiyo. Kuhusu baba: "Zakaria alimpiga Rosa kwa kuwa alimpenda, ila alikosa elimu ya malezi." Kuhusu binti: "Rosa alikuwa malaya." Mistari miwili, mwandiko mmoja. Baba kajengewa utetezi kamili, kosa, sababu yake, na kinachompunguzia adhabu. Binti kahukumiwa kabla hajafika mahakamani.

Wakati wa kusahihisha kwa pamoja, msichana wa viti vya nyuma akauliza, "Mwalimu, barua si aliandika mvulana? Yeye alipigwa na nani?" Darasa likacheka. Nikangoja wamalize, nikaliandika swali ubaoni, kipindi kilichobaki tukalijadili hilo tu. Wavulana walikuwa wagumu, sitadanganya. Lakini waliokuwa wagumu kuliko wote ni wasichana wawili wa mbele.

Alto_wa_kwaya

Mimi yalinipata mwilini kama huyo Anna Gunn, ila kwa kipimo cha Dodoma. Kwaya yetu ilirekodi igizo la video, nikapewa umama wa kambo. Namnyima mtoto chakula, nafungia ugali kabatini. Kaka mmoja wa besi aliigiza mume wangu, na mwishoni ananichapa mkanda mpaka naomba msamaha, kisha familia inasali.

Video ikasambaa kwenye simu. Nikaenda soko la Sabasaba kununua mlenda, mama muuzaji akaniangalia juu mpaka chini. "Si ndiye wewe unayefungia ugali? Kwako fungu limepanda." Nikacheka nikidhani utani. Hakushusha. Jirani yake akadakia, "Mkanda ule ulikuwa kidogo." Nikalipa nikaondoka, mlenda ulikuwa hauna hata majani ya maana.

Kaka wa besi yeye akipita mtaani anashikwa mkono: "Mwamba, ulimnyoosha!" Mchungaji naye alimsifia madhabahuni kwamba kaigiza kwa hisia. Kwamba mwanaume anampiga mke hadi anatambaa sakafuni, tena kwenye video ya injili, sijasikia aliyeuliza.

Mdodosaji_mstaafu

Kwa aliyeshangaa kwamba saluni ilijaa wanawake: asishangae. Nimezunguka vijiji vya kanda hii na madodoso ya tafiti za kaya. Kuna swali linaloulizwa, je, mume ana haki kumpiga mke akiunguza chakula, akibishana naye, akitoka bila kuaga, akiwatelekeza watoto au akimnyima unyumba? Katika utafiti wa afya wa taifa wa 2015-16, wanawake waliokubali angalau sababu moja walikuwa asilimia 58. Wanaume, asilimia 40. Someni tena, sijageuza.

Anayejibu hivyo uani kwake hawezi kubadilika kwa sababu amekaa mbele ya televisheni.

Mama_Hombolo

Wanangu, mdodosaji kanigusa. Mimi ni wa tamthilia za Kituruki, ile ya Sultani Suleiman na mkewe Hurrem. Tunaangalia kwangu na majirani tukitoka shambani kwenye zabibu. Huyu Sultani alimwua Ibrahim, rafiki yake wa chanda na pete, mwaka 1536. Mwaka 1553 akaamuru Mustafa, mwanawe wa kumzaa, anyongwe. Hayo ni ya historia, si ya kutunga.

Siku ya Mustafa tulilia wote. Jirani yangu akafuta machozi akasema, "Hurrem huyu, Mungu anamwona." Nikamwambia, shoga, amri kaitoa baba, kamba wameishika watu wa baba. Akasema baba alidanganywa na mke. Nikamuuliza, mwanaume anayetisha wafalme wa Ulaya, nyumbani kwake ni mtoto wa kudanganywa? Akaninunia siku hiyo. Sasa tunaangalia tena tangu mwanzo, anakuja na ubuyu wake, na Hurrem hajaonekana vizuri ameshaanza kumlaani.

Mbishi_wa_Ilazo

Kwa Hank mmenikamata, nakiri. Ila Tokyo simpendi na sitampenda. Alivunja kanuni ya Profesa, kiongozi wao, ya kutopendana kazini, akawachoma wenzake.

Binti_Kongwa

Kaka, kupendana ni watu wawili. Na simu ya setilaiti iliyowachoma ilinunuliwa na Rio, huyo mpenzi wake.