Pengwini anaonaje chini ya maji?

Ssalongo_Entebbe:
Wandugu salama? Leo nimepeleka kijana wangu kuogelea, akafungua macho ndani ya maji akatoka analalamika eti kila kitu ukungu tupu, hata vidole vyake havioni vizuri. Sasa jioni tunaangalia video ya pengwini anakimbiza samaki, ananigeukia, baba, na huyu mbona anaona? Nikakwama. Ana miwani ya kuzaliwa nayo ama?

Fundi_Miwani:
Hahaha Ssalongo unatania lakini uko karibu. Nakata lenzi hapa Kampala miaka mingi, hii naielewa. Jicho la mtu, konea, ile ngozi angavu ya mbele, imebinuka kama mgongo wa kijiko na ndiyo inafanya karibu theluthi mbili ya kazi ya kukunja mwanga. Ukizama nguvu hiyo inaisha kwa sababu maji ya nje na majimaji ya ndani ya jicho ni kama kitu kimoja, mwanga unapita tu. Pengwini konea yake ni bapa, haikuwa na kazi kubwa hata nchi kavu, basi akizama hapotezi sana, lenzi ya ndani ndo inabeba mzigo. Halafu mboni ya pengwini mfalme! Kwenye jua inakuwa kadoti ka mraba, kwenye giza la chini inapanuka kama mara 300, na yule anazama zaidi ya mita 300.

Mama_Kuku:
Na ana kope ya tatu. Shika kuku wako umwangalie jicho kwa karibu, utaona kautando kanapita kutoka pembeni fyap. Pengwini anako pia, kanalinda jicho.

Ssalongo_Entebbe:
Banange! Na wanaugua macho?

Fundi_Miwani:
Sana tu, wakizeeka wanapata mtoto wa jicho kama sisi. 2022 huko Singapore, Jurong Bird Park, walifanyia operesheni pengwini sita, wale wafalme watatu wakawekewa lenzi mpya za kupimiwa, zimetengenezwa Ujerumani. Baadaye ni matone mara mbili kwa siku na kuwazuia wasiingie majini, sasa wewe mzuie pengwini asiogelee uone kazi.

Ssalongo_Entebbe:
Asanteni. Kijana ameshalala, kesho asubuhi kuku wa jirani atanikoma.