Naombeni ushauri, naandika wasifu wa baba na nimekwama

Habari zenu ndugu zangu, poleni na majukumu. Baba yetu ametutoka, alikuwa msimamizi wa kitengo cha uhasibu mpaka alipostaafu, na baada ya hapo maisha yake yakawa mashua tu. Familia imenipa mimi kazi ya kusoma wasifu wake, nimepewa dakika 5.

Shida ni kwamba nikiandika nawapata baba wawili. Yule wa ofisini alikuwa hapati usingizi urari usipolingana, yaani jumla za pande mbili za hesabu zisipokuwa sawa, alitufundisha hata sisi watoto kwamba tofauti ikigawanyika kwa 9 basi angalia vizuri, huenda kuna mahali umegeuza tarakimu, umeandika 54 badala ya 45. Halafu yule wa kwenye maji, ametulia, anacheka, anakuachia usukani ukiwa mtoto mdogo kabisa.

Nimeshaandika mara tatu. Ya kwanza imekuwa kama barua ya kuomba kazi, vyeo na miaka tupu, ya pili ndefu mno, ya tatu nililia nikaiacha. Jana nimekuta daftari lake la safari, kila safari ameandika tarehe, upepo, saa ya maji kujaa na kupwa, kwa mistari na safu kama leja ya hesabu kabisa, nikaona kumbe ni mtu yuleyule.

Sasa naomba kuuliza, nianze na hilo daftari moja kwa moja au lazima nitangulize kuzaliwa, elimu na kazi? Na waliowahi kusoma wasifu wa mzazi, mlifanyaje sauti isikatike katikati?