Vuli yenye joto: mbona msitu wa kaskazini unapoteza kaboni?

Mpimahewa:
Wakuu, nachambua data za kaboni dioksidi za msitu wa misonobari wa Hyytiälä, Finland. Machipuko (majira baada ya baridi kali) yakiwa na joto, msitu unanyonya zaidi. Vuli (majira kabla ya baridi kali) ikiwa na joto, unaachia, ingawa sindano bado ni za kijani. Kwa nini? Halafu kwenye data za kituo kingine, Januari, nyuzi -15, naona msitu "unanyonya". Inawezekana?

Udongo_na_Mwanga:
Anza na mwanga, mkuu. Hyytiälä iko karibu latitudo 62: Juni mchana unazidi saa 19, katikati ya Novemba ni kama saa 7 tu, na jua liko chini. Joto la vuli haliongezi mwanga, kwa hiyo usanisinuru haupandi sana. Vijidudu vya udongoni havingoji jua. Vinataka joto, unyevu na chakula, na vuli vinavipata vyote. Q10 (mara ngapi upumuaji unaongezeka joto likipanda nyuzi 10) ikiwa 2, udongo ukitoka nyuzi 4 hadi 9 upumuaji unaongezeka kwa takriban asilimia 41. Machipuko ni kinyume chake: mwanga tele, udongo bado baridi. Ndiyo maana Piao na wenzake (2008) walikadiria kwamba hasara ya vuli inaweza kufuta hadi asilimia 90 ya faida ya machipuko kaskazini. Hilo linatisha, kwa sababu wengi bado wanahesabu msimu mrefu wa ukuaji kama faida tupu.

Mnara30:
Hiyo ya Januari usiiamini. Kama kichanganuzi cha gesi ni cha njia wazi (kinapima hewa ya nje moja kwa moja, si ndani ya chumba chake), umeme wake unapasha hewa inayopimwa, msongamano wa gesi unashuka kana kwamba msitu umeinyonya, na sahihisho la kawaida la msongamano halilioni joto hilo. Angalia saa za usiku: kama "kunyonya" kunaendelea gizani, ni kifaa. Tumia sahihisho la joto la kifaa la Burba (2008), au data za kifaa cha njia iliyofungwa kama zipo. Fanya hivyo kabla ya kujaza mapengo ya data, la sivyo kosa litaingia kwenye jumla ya mwaka.

Udongo_na_Mwanga:
Nakazia hapo. Ondoa pia usiku wenye upepo hafifu kwa kizingiti cha u* (kipimo cha msukosuko wa hewa). Kisha linganisha upumuaji na joto la udongo la kina cha sentimita 5, si la hewa: chini ya theluji nene udongo hubaki karibu na sifuri hata hewa ikiwa -20. Mlinganyo mmoja wa mwaka mzima utakupotosha; kadiria kwa madirisha (vipindi vifupi) ya siku 15 hivi.

Mpimahewa:
Nimekagua usiku. Alama ni hasi, yaani "kunyonya", hata gizani. Naanza na sahihisho.